Dubu weupe wa Churchill: Ukikosea wiki mbili umeukosa msimu

MZEE mmoja wa Mbarali, mkulima na mnunuzi wa mpunga ambaye tumefahamiana tangu nilipokuwa nikikusanya takwimu za bei za mazao mkoani Mbeya, alinipigia simu hivi karibuni na swali ambalo sikulitegemea. Kijana wake wa kwanza anaishi Winnipeg, nchini Kanada, na amemwalika akamtembelee. Wakiwa huko, kijana anataka kumpeleka baba yake kaskazini, katika mji wa Churchill, akawaone dubu weupe.

"Mwanangu, wewe si ulisoma huko?" aliniuliza baada ya kuniitikia salamu. "Mimi nataka niende Juni, nikishavuna na kuuza kidogo. Hao dubu nitawakuta?"

Nilimjibu kuwa Juni dubu wako mbali baharini, juu ya barafu, na yeye atabaki ufukweni akitazama maji. Akacheka. Kisha akauliza swali lililozaa makala haya: sasa mwezi gani?

Najua wasomaji wengi wa kurasa hizi hawana mpango wa kwenda Kanada. Lakini wapo wenye watoto na ndugu huko, mialiko inakuja, na wapo mawakala wadogo wa safari wanaoanza kuulizwa maswali ya namna hii na wateja wao. Zaidi ya hapo, biashara ya dubu wa Churchill ni biashara ya msimu kama ilivyo ya mahindi au korosho. Anayejua kwa nini debe la mahindi la Julai si bei ya debe la Februari atauelewa upesi.

Mji usiofikika kwa barabara

Churchill uko kaskazini mwa jimbo la Manitoba, kwenye ufukwe wa magharibi wa Ghuba ya Hudson. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2021, mji huo ulikuwa na watu 870 tu, pungufu ya wanafunzi wa shule moja kubwa ya sekondari ya kwetu. Hakuna barabara ya kuufikia. Unakwenda kwa ndege kutoka Winnipeg, safari ya saa mbili na nusu hivi, au kwa treni ya takriban kilomita 1,700 inayochukua kama siku mbili, na zaidi ikichelewa. Na huchelewa.

Ghuba yenyewe ni kubwa kuliko Tanzania nzima. Majira ya baridi huganda yote, na majira ya joto barafu yote huyeyuka. Hapo ndipo lilipo jibu la swali la mzee wangu, kwa sababu dubu mweupe haishi kwa kufuata kalenda yetu, anaishi kwa kufuata barafu.

Chakula chake kikuu ni sili, mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi. Dubu humvizia sili juu ya barafu, kwenye matundu anayotokea kuvuta pumzi. Kwenye maji yaliyo wazi, dubu hamuwezi sili. Kwa hiyo barafu ndiyo shamba lake. Wakati wa neema ni miezi ya machipuko, sili wanapozaa, na dubu hula mpaka akanenepa. Barafu inapokatika, kati ya mwishoni mwa Juni na Julai, dubu hupanda nchi kavu na mfungo unaanza. Watafiti waliowapima dubu wa eneo hilo wakiwa nchi kavu wanasema wengi hupungua takriban kilo moja kila siku. Majike wenye mimba ndio wenye mfungo mrefu kuliko wote, hadi miezi minane, maana hawarudi baharini Novemba pamoja na wengine. Hubaki mashimoni wakazaa.

Mkulima anaijua miezi ya aina hiyo. Ghala limebaki mavumbi, shamba bado bichi, na kila anayepita unamuuliza mvua za upande wa kwao zikoje. Dubu wa Churchill wanapofika Oktoba wako kwenye miezi yao ya njaa, na wanajua mahali barafu itakapotangulia.

Sababu ya mahali hapo inavutia. Maji ya mto hayana chumvi, nayo huganda kwenye nyuzi sifuri, wakati maji ya bahari husubiri hadi karibu nyuzi 1.8 chini ya sifuri. Mto Churchill unamwaga maji baridi hapo mlangoni mwa mji, na mkondo wa ghuba huyasukuma kusini kandokando ya pwani hiyo hiyo. Matokeo yake ni kwamba barafu ya mwanzo hujitokeza na kujikusanya karibu na Rasi ya Churchill kabla ya sehemu nyingi za ghuba. Dubu waliokuwa wametawanyika kwenye mamia ya kilomita za pwani husogea huko, mmoja mmoja, wakakaa kungoja.

Huo ndio msimu. Mgeni anapata bahati ya kuwaona wengi mahali pamoja kwa sababu dubu wana njaa na hawana kazi. Siku barafu ikishika, wanaondoka, wakati mwingine ndani ya siku chache, na mji unabaki na hoteli tupu.

Wiki gani hasa?

Mawakala wengi watakwambia "Oktoba na Novemba", kana kwamba ni kitu kimoja. Jibu hilo lina hasara.

Ukienda kabla ya katikati ya Oktoba, dubu wapo lakini wachache, wametawanyika, na ardhi ni ya kahawia bila theluji. Kwa wengi picha ya dubu mweupe kwenye majani makavu si ile waliyoilipia nauli. Kuanzia wiki ya mwisho ya Oktoba idadi huongezeka. Mapema Novemba theluji inakuwa imeshika na madume makubwa huonekana wakisimama kwa miguu ya nyuma na kusukumana, mchezo wa kupimana nguvu. Kuelekea katikati ya Novemba hali ni nzuri zaidi, ila hapo unacheza bahati nasibu: upepo wa kaskazini ukivuma siku mbili tatu mfululizo, barafu inaweza kushika na dubu wakaondoka wewe ukiwa bado kwenye treni. Baridi nayo si ya kuchezea. Wastani wa Novemba ni zaidi ya nyuzi kumi chini ya sifuri, na mchana wa katikati ya mwezi huo ni saa saba na nusu hivi.

Maoni yangu ni kwamba mwenye safari moja tu maishani achague siku zinazoanzia karibu Oktoba 25 na kuishia karibu Novemba 10. Hatapata kila kitu, lakini uwezekano wa kurudi mikono mitupu ni mdogo.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Mwaka 2019 nikiwa mwanafunzi nilikwenda Septemba kwa sababu chumba kilikuwa nafuu na mfuko ulikuwa mwepesi. Mwenyeji wangu alinihakikishia kuwa dubu "wapo mwaka mzima". Kweli walikuwepo. Kwa siku mbili nilimwona mmoja, ng'ambo ya mwamba, mkubwa kama punje ya mchele. Nilichookoa kwenye chumba nilikipoteza kwenye safari nzima.

Bei inafuata uhakika

Sasa kuhusu fedha. Wanaotaka kuona dubu kwa karibu hupanda magari marefu yaliyoinuliwa juu, yenye matairi makubwa kuliko ya trekta, yanayokwenda polepole juu ya ardhi iliyoganda. La kwanza lilitengenezwa na mkazi wa mji huo, Len Smith, mwaka 1979. Idadi ya magari yanayoruhusiwa kuingia kwenye eneo la hifadhi ina kikomo cha leseni. Vitanda vya mjini navyo vinahesabika, na siti za ndege pia. Wakati huohuo watu wa dunia nzima wanataka wiki zile zile sita.

Msomaji aliyewahi kuuza nyanya anajua kinachofuata. Safari ya wiki moja iliyopangwa na kampuni, kutoka Winnipeg na kurudi, hugharimu maelfu ya dola za Kanada kwa mtu mmoja katika kilele cha msimu. Zile za kulala kwenye mabehewa yaliyoegeshwa huko huko walipo dubu zinaweza kupita dola 10,000. Anayejipangia mwenyewe, kwa treni, nyumba ya wageni na siku moja tu ya kupanda gari la matairi makubwa, hutumia pungufu sana ya hapo, lakini lazima aweke nafasi karibu mwaka mmoja kabla. Na siku moja ni ndogo. Ukungu ukitanda, imekwisha. Mwenye uwezo aweke siku mbili za gari hata kama atalazimika kupunguza usiku mmoja wa hoteli.

Mji wenyewe unabeba gharama ambazo mgeni hazioni kwenye risiti yake. Jimbo la Manitoba lina kikosi cha maofisa wa kulinda watu dhidi ya dubu, na dubu wanaovamia makazi hukamatwa kwa mitego na kufungiwa kwenye jengo ambalo wenyeji huliita jela ya dubu. Humo hupewa maji bila chakula, ili wasije wakazoea kuwa mjini kuna mlo. Baadaye hubebwa kwa helikopta kupelekwa mbali, au huachiwa barafu ikishika. Usiku wa Oktoba 31, watoto wanapopita nyumba kwa nyumba kuomba peremende kwa desturi ya huko, doria huzunguka mitaa yote. Watu wengi hawafungi milango ya magari yao, ili anayekimbizwa apate pa kuingia. Mgeni anayependa kutembea usiku peke yake aache tabia hiyo Winnipeg.

Barafu moja, biashara mbili

Nilikwenda Churchill kwa sababu ya ngano, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo. Reli ilifika mjini hapo mwaka 1929 na bandari ikaanza kusafirisha ngano mwaka 1931, kwa sababu ndiyo njia fupi ya baharini kutoka mashamba ya magharibi mwa Kanada kwenda Ulaya. Tatizo ni barafu: meli zinapita miezi michache tu, kati ya Julai na mwanzo wa Novemba. Kwa miaka mingi mteja mkubwa wa bandari alikuwa bodi ya ngano ya Kanada. Mwaka 2012 bodi hiyo iliondolewa ukiritimba wake, na wafanyabiashara binafsi wakapeleka nafaka kwenye bandari zao wenyewe. Mwaka 2016 usafirishaji wa nafaka ukasimama. Mei 2017 mafuriko yakaharibu reli, na kwa zaidi ya mwaka mmoja bidhaa nyingi zilifika kwa ndege, bei za vyakula zikapanda. Treni zilirejea mwishoni mwa 2018, na Septemba 2019, wakati nikiwa pale, ngano ikaanza tena kupakiwa melini.

Katika miaka ile ya shida mji haukufa, na moja ya sababu ni dubu. Walikuja watalii kwa ndege. Wenye hoteli walilalamika, lakini walifungua.

Mgongano uko hapa. Mtu wa bandari anaomba barafu ichelewe, apate wiki mbili za ziada za meli. Dubu anaomba iwahi. Na kwa miaka ya karibuni anayesikilizwa ni mtu wa bandari. Ikilinganishwa na miaka ya 1980, dubu wa upande huo wa ghuba sasa wanakaa nchi kavu takriban wiki tatu hadi nne zaidi kila mwaka, kwa sababu barafu inawahi kuyeyuka na inachelewa kushika. Kwa mnyama anayepoteza kilo moja kwa siku, hesabu hiyo haihitaji shahada. Majike waliokonda huzaa watoto wadogo, na watoto wadogo hawafiki mbali.

Takwimu zinaonyesha hivyo. Kundi la magharibi mwa Ghuba ya Hudson lilikadiriwa kuwa na dubu karibu 1,200 miaka ya 1980. Hesabu ya mwaka 2016 ilitoa 842. Ile ya 2021 ilitoa 618. Wapo wanaoamini baadhi wamehamia makundi jirani, na inawezekana wengine wamehama, lakini kushuka kwa karibu nusu ndani ya umri wa mtu mmoja si jambo la kupita hivi hivi.

Kwa mgeni, mabadiliko haya yana sura ya ajabu. Barafu ikichelewa, dubu wanabaki pwani muda mrefu zaidi, na msimu wa utalii unaonekana kurefuka. Miaka mingine wanaendelea kuonekana hadi Desemba. Kampuni inaweza kuuza wiki moja zaidi. Ni sawa na mwenye duka anayefurahia foleni ya wanunuzi wa unga mwezi Machi, bila kuuliza kwa nini hawa wote hawana akiba. Leo anauza zaidi, wakati wateja wenyewe wanapungua. Ndiyo maana ushauri wa miaka ya nyuma kwamba "baada ya Novemba 10 hakuna kitu" hauaminiki tena, na ule wa kusema "sasa kuna muda wa kutosha, nenda utakapo" nao si wa kweli. Barafu imekuwa kigeugeu: mwaka huu huwahi, mwaka ujao huchelewa.

Wasiopenda baridi

Wenyeji wamejifunza kutotegemea wiki sita. Julai na Agosti huuza nyangumi weupe, wanaoingia kwa maelfu kwenye mdomo wa mto. Hali ya hewa ni ya kuvumilika, ingawa mbu ni wengi, na dubu mmoja mmoja huonekana miambani. Ni msimu nafuu kuliko ule wa dubu, na ni likizo ya shule za Kanada. Februari na Machi huuza mianga ya kaskazini, zile rangi za kijani zinazocheza angani usiku, pamoja na safari chache sana na ghali za kwenda kungoja majike watoke mashimoni na watoto katika Hifadhi ya Taifa ya Wapusk. Hiyo ya mwisho ni ya wapiga picha wenye moyo. Nyuzi 30 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na unaweza kungoja siku nzima usione hata pua.

Wapo watakaokushauri Svalbard, visiwa vya Norwei. Huko dubu hutafutwa kwa meli, hasa Juni hadi Agosti. Ni safari nzuri, lakini uhakika wake ni mdogo. Tangu Januari 2025 sheria inataka watu wakae angalau mita 300 kutoka kwa dubu, na mita 500 kati ya Machi mosi na Juni 30. Bila darubini hutaona lolote la maana.

Na kama lengo ni kumwona dubu mweupe tu, bustani ya wanyama ya Assiniboine Park, palepale Winnipeg, inatunza dubu ambao wengi waliokolewa Churchill wakiwa watoto yatima. Sehemu yao ilifunguliwa mwaka 2014. Unapanda basi la mjini, mwezi wowote.

Hesabu ya mzee

Nilimweleza mzee haya yote, akanyamaza. Kisha tukafanya hesabu kwa simu. Msimu wa dubu kwake umekaa vizuri: mpunga unakuwa umevunwa, na kitalu cha msimu mpya ni Desemba. Kikwazo ni malipo ya awali. Kampuni inataka sehemu ya fedha mapema, na akiuza mpunga Juni ili ailipe, anauuza wakati bei iko chini kabisa. Gunia lile lile akilisubirisha hadi Desemba au Januari lingemlipa zaidi. Tofauti hiyo ni nauli isiyoandikwa kwenye tiketi.

Nilimshauri mambo mawili. Kwanza, asilipe shilingi kabla hajapata viza, kwa sababu Mtanzania haingii Kanada bila hiyo, na malipo mengi ya awali hayarudishwi. Pili, kijana alipe malipo ya awali huko huko kwa dola, baba amrudishie baadaye mpunga ukipanda bei.

"Na kama barafu ikiwahi?" akauliza.

Nikamwambia ataona theluji, mji mdogo na maghala ya ngano, na atarudi Winnipeg kwenye ile bustani.

Wiki iliyopita alinitumia ujumbe. Kijana ameshika nafasi ya kuanzia Oktoba 28, siku mbili za gari. Sasa mzee anauliza kama koti la mtumba la Soko la Mwanjelwa litatosha.